Makosa Yasiyofika Kituoni: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Moshi

Wanaotuuliza maswali haya ni watu wa Njoro, Pasua, Majengo na Kiboriloni, na wale wanaoshuka kutoka Kibosho, Uru na Old Moshi siku za soko. Wengi huanza kwa kusema, "Si mimi, ni jirani yangu." Hatumuulizi mtu jirani huyo ni nani. Ninajibu nikiwa msaidizi wa kisheria. Kazi yangu ni kumsindikiza mtu kituoni, hospitalini na mahakamani, na mara nyingine kukaa naye tu hadi aamue mwenyewe.

Hivi makosa yasiyoripotiwa ni mengi kweli, au ni hisia zetu tu?

Ni mengi, na hayapo Tanzania peke yake. Daftari la polisi linaonyesha yale ambayo mtu alijikaza akaenda kuyasema. Mengine hayana pa kuandikwa. Ndiyo maana nchi nyingine huwafuata watu majumbani na kuwauliza moja kwa moja kama waliwahi kutendewa kosa. Marekani imekuwa ikifanya hivyo tangu 1973, na uchambuzi wao wa miaka ya 2006 hadi 2010 ulikuta kwamba asilimia 52 ya matukio ya ukatili hayakufika polisi. Kwa ubakaji na shambulio la kingono ilikuwa asilimia 65. Wizi wa magari ulikuwa kinyume kabisa: asilimia 17 tu ndiyo haikuripotiwa. Mwenye gari anajua kwamba bima haitamsikiliza bila karatasi ya polisi. Mtu huripoti pale anapoona kuna kitakachorudi mkononi mwake.

Kwetu, utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana mmoja kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti wa demografia na afya wa 2015-16 ukakuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu wakiwa na miaka 15. Sasa fikiria mtaa wako una nyumba ngapi, kisha jiulize ni kesi ngapi za aina hiyo umewahi kusikia zimefika mahakamani.

Kwa nini mtu aliyeibiwa haendi kituoni, hata kama kituo kiko karibu?

Kwa sababu amepiga hesabu. Simu imechomolewa stendi. Kwenda kituoni, kusubiri kaunta, kuandika maelezo, kuambiwa urudi kesho kwa kuwa mpelelezi ametoka: hizo ni siku mbili bila biashara. Mama anayeuza nyanya Mbuyuni hana siku mbili za kutoa sadaka. Anaona heri aanze kudunduliza hela ya simu nyingine.

Yupo pia anayekwenda, lakini anachokifuata ni karatasi. Pochi imeporwa na mtu wa bodaboda, ndani mlikuwa na kitambulisho cha NIDA, leseni na kadi ya benki. Ili apate vingine anahitaji ripoti ya upotevu, kwa hiyo anaandika kwamba vimepotea. Ameporwa, ila kwenye kumbukumbu amepoteza. Naamini uporaji mwingi wa hapa mjini umeishia humo, na nawaomba sana watu: kama umeporwa, sema umeporwa. Ukiambiwa kwamba upotevu ni rahisi zaidi, omba vyote viwili, RB (namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni) ya uporaji na ripoti ya upotevu.

Huko juu migombani hesabu ni nyingine. Mkungu umekatwa usiku, kuku wawili hawaonekani, kahawa iliyoanikwa imepungua. Mwizi anajulikana. Ni kijana wa nyumba ya tatu aliyeharibiwa na gongo. Ukimpeleka polisi umempeleka na mama yake, ambaye Jumapili mtakaa benchi moja kanisani, na ambaye ndiye aliyekuletea mtori ulipojifungua. Siwezi kumlaumu mtu anayenyamaza hapo. Ninachomwambia ni kwamba kijana huyo akishazoea kwamba hasemwi, kitakachofuata ni ng'ombe aliyeko zizini.

Ni kweli kuandikisha taarifa kunalipiwa?

Hapana. RB hailipiwi. Fomu ya PF3, ile ya polisi inayojazwa na daktari unapokuwa umejeruhiwa, hailipiwi. Dhamana ya polisi haitolewi kwa fedha.

Lakini swali hili lina sababu yake. Watu wamesikia, na wengine wamekutana nayo, habari ya hela ya mafuta ya gari la kwenda kumkamata mtuhumiwa, hela ya karatasi, hela ya "kumfuatilia mtu wako". Mtu maskini akiombwa hela kwenye jambo ambalo yeye ndiye aliyeumizwa, hatarudi tena, na atawaambia wengine kumi wasiende. Kwa maoni yangu hakuna kitu kinachofunga midomo ya watu wa hali ya chini kuliko hiki. Ukiombwa fedha, usigombane pale kaunta. Omba kumuona mkuu wa kituo. Isipowezekana, nenda kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, kwa mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), hadi ofisi ya kamanda wa polisi wa mkoa (RPC). Rushwa yenyewe ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2007, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapatikana kwa namba 113 bila malipo.

Mwenyekiti wa mtaa anasema lazima nianzie kwake. Je, polisi hawatanipokea bila barua yake?

Hulazimiki kuanzia kwake. Unaweza kwenda kituo kilicho karibu moja kwa moja, na kwa jambo la haraka piga 112. Mwenyekiti, mtendaji na polisi kata ni msaada mkubwa, hasa usiku au mahali ambapo kituo kiko mbali. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai yenyewe inaruhusu taarifa kupelekwa kwa kiongozi wa eneo ili aifikishe polisi. Aifikishe, asiikalie. Baraza la kata nalo halina mamlaka ya kumaliza ubakaji, unyang'anyi wala kumjeruhi mtu kwa panga, hata wazee wote wakikubaliana.

Kwa nini yanayotokea ndani ya familia ndiyo yanayofichwa zaidi?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye uzito.

Mwanamke wa kwetu akiolewa anakwenda kuishi kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, upande wa mume. Baba mkwe yuko hapo, mashemeji wako kulia na kushoto, makaburi ya ukoo yako nyuma ya nyumba. Mume akimpiga hadi kumvunja mkono, na mke akaenda polisi, kesho yake analala wapi? Ndiyo hesabu anayoipiga akiwa ameshika mkono uliovimba. Anajua watoto watabaki upande ule. Anajua ataambiwa amemfunga mtoto wa watu na kuutia ukoo aibu. Na kama mume ndiye anayelipa ada, akiwekwa mahabusu mwezi mmoja, watoto hawarudi shule Januari.

Kwa hiyo anamwambia daktari kwamba alianguka kwenye mfereji. Wauguzi wengi wanajua, maana aliyeanguka haumii namna ile, lakini bila yeye kusema wanafunga jeraha na kumwacha aende.

Hofu ya kukosa pa kuishi ni ya kweli, ila mara nyingi huwa imekuzwa na wanaotaka anyamaze. Sheria za ardhi za 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Nyumba mliyoijenga pamoja si ya shemeji kukufukuza. Tunapomweleza mama jambo hili kabla hatujazungumzia polisi hata kidogo, mara nyingi mazungumzo hubadilika. Inaonyesha kwamba kilichokuwa kimemziba mdomo ni paa la nyumba kuliko mapenzi kwa mume.

Wapo ambao hata ukoo wa kuwafichia hawana. Dada wa kazi ameletwa kutoka mkoa mwingine akiwa na miaka 15, simu anapewa Jumapili, mshahara anatunziwa na mama mwenye nyumba. Akishikwashikwa na baba mwenye nyumba, wa kumwambia ni nani? Jirani akisikia kilio jikoni, mara nyingi ni jirani huyo tu anayeweza kusema. Kama wewe ndiye jirani huyo, tafadhali sema.

Mila zetu zina njia ya kupatana. Kwa nini tusimalize nyumbani?

Mengine yamalizeni nyumbani kabisa. Matusi ya kilabuni, ugomvi wa mpaka, mbuzi aliyekula mahindi, ngumi moja kati ya ndugu waliokuwa wamelewa mbege: hayo hata mahakama inaruhusiwa na sheria kuyahimiza yaishe kwa suluhu, ilimradi ni makosa madogo ya mtu na mtu. Mtu akikujia na jani la sale, mmea uleule unaopandwa mipakani mwa vihamba, ameomba msamaha kwa namna ambayo kwa Mchagga ni vigumu mno kuikataa. Ni desturi nzuri. Imezuia damu nyingi.

Tatizo linaanza pale sale linapopelekwa mahali pasipo pake. Mwanamke ameng'olewa meno, wazee wa mume wanakwenda kwao na sale, mbuzi na mbege, wazee wa kwao wanapokea, na jioni anarudishwa. Yeye hakuulizwa. Binti wa darasa la sita amebakwa na baba mdogo, kikao kinakaa, baba yake binti anapokea laki tano na ng'ombe, kimya kinaanza. Aliyeumizwa hakupata chochote. Waliolipwa ni watu wazima waliokuwa wamekaa kwenye viti.

Sheria iko wazi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kosa la jinai ni la Jamhuri. Hata jalada limeandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Familia haiwezi kulifuta kwa kupatana. Na mtu anayepokea fedha au mali ili afiche kosa kubwa naye anatenda kosa. Mzee anayeongoza kikao cha namna hiyo anapaswa kulijua hilo kabla hajaagiza mbege.

Kinachotokea mara nyingi kwenye kesi zilizokwisha kufika mahakamani kinaniumiza hata zaidi. Mashahidi hawatokei. Mama wa mtoto amesafirishwa kwenda kwa dada yake, mtoto anafundishwa kusema "sikumbuki", kesi inaahirishwa hadi inaondolewa. Watu wa nje wanasema mahakama imemwachia mbakaji. Waliomwachia ni waliokaa kikao.

Na kuvunja chungu ili kumlaani mwizi? Wezi wanaogopa chungu kuliko polisi.

Ni kweli wengi wanakiogopa, na ninaelewa kwa nini mtu aliyeibiwa anatangaza kwamba asiporudishiwa mali yake kwa muda fulani atavunja chungu. Hakuna nauli, hakuna kaunta, na mara nyingine mali inarudishwa usiku mlangoni.

Lakini laana hiyo inaaminika kuupiga ukoo mzima. Miaka mitatu baadaye mtoto asiye na hatia akiugua, watu wanakumbushana chungu, na mgonjwa anachelewa hospitali kwa sababu ndugu wanatafuta nani alimwibia nani. Wala chungu hakimtambui mwizi wa kupita aliyetoka wilaya nyingine na hakusikia tangazo lako.

Mtoto amefanyiwa ukatili na ndugu wa karibu. Nifanye nini, na je, ni lazima niseme?

Lazima. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kuifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Haisemi mzazi tu. Mwalimu, mpangaji, katekista, mwenye duka, wote wamo.

Kwa utaratibu, anza na mwili wa mtoto. Mpeleke hospitali haraka, Mawenzi, KCMC au kituo cha afya kilicho karibu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo bora. Kwa binti aliyevunja ungo, dawa ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku 5. Usimwogeshe kabla hajaonwa na daktari. Nguo alizovaa usizifue. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, maana nailoni inatunza unyevu na ushahidi unaharibika. PF3 itahitajika kwa ajili ya kesi, lakini mgonjwa wa dharura anatibiwa kwanza, fomu inafuata. Ukizuiwa mlangoni kwa sababu ya fomu, omba kumuona mganga wa zamu au afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Kituoni omba Dawati la Jinsia na Watoto. Askari wa dawati wamefunzwa kuzungumza na mtoto faragha, na unaweza kuomba askari wa kike. Namba 116 ni ya simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo.

Usimhoji mtoto mara kumi kabla ya kufika huko. Bibi anauliza, shangazi anauliza, mchungaji anauliza, na kila mara mtoto anabadilisha neno moja kwa hofu. Baadaye mawakili watayatumia maneno hayo. Msikilize mara moja, mwambie umemwamini, basi.

Adhabu watu wanaiulizia sana, na naamini ukubwa wake nao huwafanya ndugu wafiche. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, ubakaji una kifungo kisichopungua miaka 30, na ukimhusu mtoto wa chini ya miaka 10 ni maisha. Bibi anapotambua kwamba mwanawe atafia gereza la Karanga, anaanza kumuomba mjukuu msamaha kwa niaba yake. Ninawahurumia bibi hao. Hata hivyo ndani ya boma hilohilo kuna wajukuu wengine wanaoishi na mtu huyo.

Mbona wanaume hawaonekani kwenye habari hizi?

Wapo, wamefungwa mdomo mara mbili. Mwanamume aliyepigwa na mke anajua kwamba akifika kaunta atachekwa. Kijana aliyelawitiwa anaogopa kwamba jina atakaloitwa mtaani litakuwa lake yeye, si la aliyemtenda. Rejea utafiti wa 2009: mvulana mmoja kati ya 7. Wazazi huwafundisha mabinti kujihadhari, watoto wa kiume wanaachwa walale chumba kimoja na kila mgeni anayekuja sikukuu ya Krismasi nyumba ikijaa. Dawati la Jinsia na Watoto linawahudumia wote. Jina lake lisikufanye udhani ni la akina mama peke yao.

Naogopa kulipiziwa kisasi. Je, nitalindwa?

Hofu hii siwezi kuipuuza, maana mtuhumiwa mara nyingi anaishi hatua chache kutoka kwako. Kuna sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, inayokataza kumfichua au kumwadhibu mtu aliyetoa taarifa kwa nia njema. Kwa taarifa tu, unaweza kumpigia polisi kata au kumwambia mtendaji na kuomba jina lako lisitajwe. Kama wewe ndiye uliyeona kwa macho na kesi inakutegemea, siku moja utatakiwa kusimama kizimbani, na sitakudanganya kwamba itakuwa siri. Ukitishwa baada ya kuripoti, vitisho hivyo ni kosa jipya. Viandikishe siku hiyohiyo, na ujumbe wa simu usiufute.

Kuna kisasi kingine kisichobeba panga. Mpagazi wa mlimani anadaiwa hela kidogo ili apangiwe safari. Anajua ni rushwa. Lakini orodha ya majina iko kwa mtu huyohuyo, na msimu ukipita bila safari nyumbani hakuna kitu. Mfanyakazi wa hoteli anayesumbuliwa na meneja yuko hapohapo. Watu hawa tunawashauri waende wengi pamoja, kwa sababu ni rahisi kumfuta mmoja kwenye orodha kuliko kuwafuta kumi na wawili, na maelezo ya wengi yanayofanana yana uzito kwa mpelelezi.

Nilimripoti mtu, akakamatwa, kesho yake nikamuona kijiweni. Amehonga?

Inawezekana, ila si lazima. Swali hili limewakatisha watu wengi tamaa, kwa hiyo lielewe vizuri. Aliyekamatwa bado ni mtuhumiwa. Sheria haitaki akae mikononi mwa polisi zaidi ya saa 24 bila kufikishwa mahakamani au kupewa dhamana, na makosa mengi yana dhamana. Yasiyo nayo ni mazito kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Dhamana haimaanishi kesi imekwisha. Atarudi kuripoti, na wadhamini wake watawajibika akitoroka.

Kosa la upande wa pili ni kwamba mara nyingi mlalamikaji haambiwi. Anakutana na mtu aliyemripoti kwenye kona, usiku, bila maandalizi. Uliza mwenyewe mapema: mpigie mpelelezi ujue kama mtu huyo yuko nje, na kwa masharti gani. Ukiwa na sababu ya kuogopa, ieleze kabla dhamana haijatolewa, kwani mahakama inaweza kuweka sharti asikusogelee.

Nilitumiwa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", nikatuma. Naona aibu kusema.

Wamenaswa walimu, mapadri na wahasibu. Piga haraka huduma kwa wateja ya mtandao wako, maana hela ikiwa bado haijatolewa inaweza kuzuiwa. Namba ya tapeli iripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, kisha kachukue RB. Piga pia *106# uone kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua.

Polisi hawasaidii. Si afadhali wananchi wamalizane na mwizi palepale?

Hapana. Hili ninalisema bila kupindisha. Mtu akipigiwa kelele za mwizi pale sokoni, wanaorusha mawe wengi hawakuona chochote. Amekufa kijana aliyekuwa anakimbilia basi. Wamekufa wagonjwa wa akili. Na mwizi wa kweli aliyechomwa hakutaja aliyemnunulia mali, kwa hiyo mnunuzi bado yupo na atatafuta kijana mwingine.

Halafu angalia kinachofuata. Polisi wakifika, mtaa mzima haukuwepo. Mwenye duka alikuwa anapanga bidhaa, mama ntilie alikuwa ameinama kwenye jiko. Mauaji yamefanyika mchana mbele ya watu wote na hakuna shahidi hata mmoja. Wizi mdogo usioripotiwa ndio uliolea hasira ile. Watu wanampiga huyu mmoja kwa simu zote walizowahi kuibiwa na hawakusema.

Takwimu za ukatili zikipanda mkoani, maana yake hali imekuwa mbaya?

Si lazima. Dawati likifanya kazi vizuri, shule zikifundisha watoto kusema, kesi zilizokuwa zinaishia jikoni huanza kuhesabiwa. Mimi huogopa zaidi kata inayoleta sifuri mwaka mzima.

Nikiamua kwenda, nijiandae vipi?

Nenda na mtu mmoja unayemwamini, asiwe ndugu wa mtuhumiwa. Kabla hujatoka nyumbani, andika kwenye karatasi: siku, saa, mahali, nani alikuwepo, nini kilisemwa. Beba picha za majeraha, namba ya utambulisho wa simu (IMEI) kama ni simu, kadi ya pikipiki kama ni pikipiki. Maelezo yako yakishaandikwa, yasome au usomewe kabla ya kusaini, na neno ambalo hukulisema liombee marekebisho. Usiondoke bila namba ya RB, jina la mpelelezi na simu yake. Tarehe ya kurudi iandike palepale.

Kama hujui kusoma, au unaogopa, omba msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua, na hatutozi. Mtendaji wa kata yako au afisa maendeleo ya jamii atakuelekeza tulipo.

Yangu yalitokea miaka mingi iliyopita, nikiwa mtoto. Bado naweza kusema?

Unaweza. Kwa makosa makubwa kama ubakaji, kupita kwa miaka hakufuti kosa. Watu husema jinai haiozi. Ushahidi ndio unaokuwa mgumu: hakuna PF3, nguo hazipo, mashahidi wamehama au wamefariki. Lakini kuna mtu uliyemwambia wakati ule, kuna daftari la shule ulipoacha kuhudhuria, kuna binti mwingine wa rika lako aliyefanyiwa vilevile na mtu yuleyule. Yaandike unayoyakumbuka kwa mpangilio wako mwenyewe, kisha twende dawati pamoja wasikilize.

Hulazimiki kutaka kesi. Wengine wanahitaji ushauri nasaha tu, na hilo linaombwa hospitalini bila RB. Jambo moja tu haliwezi kusubiri uamuzi wako: kama mtu huyo leo anaishi na watoto, au anafundisha watoto, mwambie afisa ustawi wa jamii wa kata wiki hii, jina lake na mahali alipo, hata kama habari yako mwenyewe bado hujawa tayari kuisema.